Friji ya Gabriella

Safari ya Gabriella, mumewe na watoto wao kwenda Kanada ilipotoka, vitu vya nyumba yake pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, viligawanyika upesi kuliko alivyovikusanya. Viti vilinunuliwa na jirani, masufuria yakaenda kwa akina mama wa kanisa, godoro akalichukua Josué, mdogo wake. Friji peke yake haikuuzwa. Wanunuzi walikuja wakarudi mikono mitupu. Hata shangazi yake alifika, akaufungua mlango wa friji na kuufunga mara kadhaa, akasema si vizuri kitu kama kile kutoka nje ya ukoo. Lakini Gabriella alikuwa ameshaamua. Alimwita Bora, mshonaji mwenzake, mtu wa Fizi, Kongo, kama yeye, akamwambia mbele ya shangazi huyo huyo:

"Frigo nakuachia we. Usifungie bantu mulango yake."

Ezechiel, mume wa Bora, aliyekuwa mwalimu wa kwaya, aliisukuma friji kwa mkokoteni pamoja na wanakwaya wawili. Walikuwa wameifunika shuka ili isipate vumbi, na watoto waliifuata nyuma kama wanaomfuata bibi harusi. Wakaiweka sebuleni, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na soketi, na pia, ingawa hakuna aliyelisema, kwa sababu mgeni akiingia angeiona kabla hajaona kitu kingine.

Miezi ya kwanza nyumba ilikuwa na raha mpya. Chakula cha jioni kiliweza kuliwa kesho yake bila kunuswa kwanza. Cadeau, mtoto wao wa kwanza, alipotoka shule alikuwa akifungua mlango wa friji na kusimama hapo uso ukipoa, mpaka mama yake amfokee. Ezechiel naye alikuwa akiifungua bila sababu. Alikuwa anaitazama chupa ya maji na vitunguu viwili, anafunga, anakwenda zake, na baada ya muda anarudi tena kutazama kama kuna lililobadilika.

Kisha matatizo yakaanza kuingia moja baada ya jingine. Mpira wa mlango ulikuwa umelegea, hivyo mlango haukushika vizuri. Bora alilazimika kuufunga kwa lastiki pana, ile aliyokuwa akiitia kwenye viuno vya sketi, na kila aliyetaka maji alianza kwanza kufungua fundo. Asubuhi sakafu ilikuwa na dimbwi, na kitu cha kwanza alichokishika Bora akiamka kilikuwa kitambaa cha kupangusia. Siku alipoweka ndagaa, maziwa yalinuka ndagaa, maji yalinuka ndagaa, na hata baada ya kuisugua friji kwa limau na majivu, chai ya Ezechiel iliendelea kuwa na harufu ya ziwa kwa siku kadhaa.

Umeme nao ulikuwa na mambo yake. Uliondoka bila kuaga na kurudi ukitaka. Wakati mwingine ulirudi dhaifu, taa ikawa nyekundu kama kaa la moto, na friji ikanguruma kama mzee anayesafisha koo lakini haanzi kusema. Wakati mwingine ulirudi kwa nguvu, na balbu ya jirani ikapasuka. Kila umeme ulipokatika, Bora alisimama mbele ya friji akijiuliza kama afungue kuokoa kilichomo au aache imefungwa baridi isitoke. Mara nyingi alichagua vibaya.

Na watu walikuja. Gabriella hakuwahi kumnyima mtu, kwa hiyo Bora hakuona namna ya kuanza yeye kunyima. Wanakwaya walileta soda zao kabla ya ibada. Mama Goreth, jirani Mrundi aliyekuwa akiuza juisi ya ubuyu karibu na soko la kambi, alileta vifuko vyake vya kugandisha. Wengine waliomba kipande cha barafu kwa ajili ya mtoto mwenye homa, na hao Bora aliwapa hata kama ilibidi asimame katikati ya kushona. Lakini walikuwako pia waliobisha hodi saa ya kupumzika kwa ajili ya kikombe kimoja cha maji, wakayanywa pale pale mlangoni, wakasema zikomo, yaani asante, wakaondoka na kuacha lastiki imefunguka.

Siku friji ilipozimika, Bora alikuwa kwenye cherehani. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Uliporudi, alisikia ndani ya friji mlio kama wa kijiti kinachovunjika, halafu harufu ya mpira unaoungua. Alikimbia kuichomoa. Alipoichomeka tena, haikunguruma wala haikutikisika.

Ezechiel alitafuta matola, gari dogo la mizigo, wakaipeleka Lilongwe, mpaka mtaa wa Mchesi, kwa fundi Mrundi aitwaye Épitace, ambaye aliwahi kuishi kambini na aliyeaminiwa na watu wa huko. Épitace aliifungua nyuma, akasema kuna kifaa kidogo cha kuwashia kilichoungua, na hicho angeweza kukibadilisha. Lakini mpira wa mlango hakuwa nao. Akamtuma Bora akautafute soko la Tsoka.

Bora alizunguka Tsoka siku nzima, mkononi ana uzi aliopimia mlango. Alipita kwenye meza za simu, za sufuria, za viatu vya mitumba, akipelekwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Muuzaji mmoja alimwita amayi, yaani mama, kwa heshima kubwa, akamwapia kwamba mpira aliokuwa nao unaingia kwenye kila friji iliyoko Malawi. Bora aliurudisha Mchesi, na ukawa mrefu kuliko mlango kwa kiganja kizima. Épitace hakucheka. Aliukata, akaubandika kwa gundi, akamwambia afunge kwa upole na asiitegemee sana mashine ile, maana kompresa yake ilikuwa imechoka.

Ilikuwa wakati friji iko Mchesi ndipo Gabriella alipopiga simu. Alipiga kila Jumapili baada ya ibada, na swali lake la kwanza, hata kabla ya hali ya watoto, lilikuwa lile lile.

"Frigo iko namna gani?"

Bora alijibu kwamba iko salama. Moyoni hakuona kama anadanganya. Friji ilikuwa kwa fundi na ingerudi. Na kweli ilirudi, ikafanya kazi kwa muda, watu wakarudi kubisha hodi. Kisha, muda mfupi kabla ya Pasaka, ilinyamaza tena. Safari hii Épitace, kwa simu, alisema kompresa imekufa, na kununua nyingine ni sawa na kununua friji.

Gabriella alipouliza Jumapili iliyofuata, Bora alijibu vile vile, kwamba iko salama. Neno lilimtoka kabla hajalifikiri, na likishatoka hakujua kulirudisha. Alimkumbuka yule shangazi na maneno yake. Aliona jinsi atakavyoambiwa kwamba amepewa kitu kizima akakiua. Akaahirisha mpaka Jumapili nyingine, na nyingine. Gabriella alipotaka kuiona kwa video, Bora alisema chaji inaisha. Waliokuja kuomba maji aliwaambia umeme ni mdogo, na baadaye hawakuja tena. Ndani ya friji alipanga vitambaa vya wateja, maana panya hawakuweza kuingia humo. Ezechiel alimwambia mara nyingi aseme ukweli tu. Bora alikubali kila mara, na kila mara Jumapili ilipita.

Basi Josué akapata mchumba, msichana mtulivu wa Kirundi jina lake Irangabiye, na harusi ikapangwa. Gabriella, kwa vile hakuweza kuja, alijitwisha chakula. Alitafuta samaki, alitafuta mbuzi, alipanga kila kitu kwa simu kutoka kule kwenye baridi, na siku moja akamwambia Bora kwa furaha kwamba nyama na chambo, wale samaki wa ziwa Malawi, vitalala kwake kwenye friji kuanzia Ijumaa, ili Jumamosi wapishi wasihangaike.

Hapo ndipo Bora angeweza kusema. Ezechiel alikuwa ameketi mbele yake, anamtazama. Bora alisema sawa.

Ijumaa asubuhi Josué alifika na matola. Walishusha beseni kubwa za chambo kutoka ziwani, barafu yake ikiwa imekwisha kuyeyuka nusu, na nyama ya mbuzi iliyofungwa ndani ya mfuko safi. Josué alikuwa na haraka; suti yake ilikuwa bado Lilongwe, na wageni wengine walikuwa wanamngoja stendi. Hakuingia hata ndani. Alimshika Bora mikono yote miwili, akamshukuru, akapanda gari.

Bora alibaki na beseni sebuleni. Ezechiel alikuwa kanisani anapanga viti. Bora alitoa vitambaa vya wateja ndani ya friji, akavirundika kitandani, akaichomeka friji kwenye soketi kana kwamba ingeona aibu ikawaka. Haikuwaka. Alitia samaki ndani hata hivyo, akafunga mlango, akaketi kwenye kiti chake cha kushonea. Kisha akaona kwamba sanduku lililofungwa bila baridi litawachemsha, akawatoa wote. Aliwafunika kwa kanga zilizolowa maji. Alikwenda mlangoni, akarudi. Jua lilikuwa limepanda na mabati yalianza kulia kwa joto. Zamani za mashaka, huko njiani wakitoka Kongo, Bora alikuwa mwanamke wa kuamua haraka, lakini asubuhi ile alikaa na zile beseni kama mtu aliyefungwa kamba, na saa zikapita.

Mama Goreth ndiye aliyemkuta. Alikuwa amekuja kuuliza kama sketi yake ya harusi imekwisha. Aliona beseni, aliona nzi, aliona friji mlango wazi na kavu, na alikuwa mtu asiyependa kuzunguka.

"Mama Cadeau, hii machine ilikufa?"

Bora alimwambia yote. Alimwambia tangu Mchesi mpaka asubuhi ile, na alipofika kwenye neno la Gabriella kuhusu Jumamosi alishindwa kuendelea. Goreth hakumlaumu wala hakumpa pole. Aliinama, akafunua kanga, akanyanyua samaki mmoja mmoja, akabonyeza tumbo, akafungua shavu na kunusa. Beseni moja, ile iliyokuwa imekaa karibu na mlango ambapo jua lilifika, aliisukuma kando kwa mguu.

"Hii basi, ya kutupa. Zile zingine bado. Leta chumvi na kisu."

Goreth alikuwa amekulia Rumonge, kando ya ziwa Tanganyika, ambako samaki walikaushwa kwa moshi tangu kabla mtu yeyote huko hajaona friji. Alimtuma Bora kwa jirani aliyekuwa na pipa lililokatwa, na kwa mwingine aliyekuwa na wavu wa waya. Bora alipokuwa akienda nyumba kwa nyumba, ilibidi aeleze anachotafutia, na kila alipoeleza aibu ilimpungua kidogo. Kuni ni shida kambini. Hakuna anayetoa kuni kwa mtu hivi hivi. Lakini mmoja wa wale akina mama waliokuwa wakichukua barafu kwa ajili ya mtoto mwenye homa alikuja na kikapu cha mkaa kichwani. Wanakwaya wawili walileta vigogo. Wengine hawakuleta kitu, walikuja kutazama, wakapewa visu.

Walipasua chambo migongoni, wakawatia chumvi, wakawapanga juu ya wavu. Mbuzi alikatwakatwa na kukaangwa katika mafuta yake mpaka akakauka. Moshi ulijaa ua na kuingia ndani, ukashika mapazia na vitambaa vya wateja pale kitandani, na Bora alijua kwamba wiki nzima ijayo atakuwa akiomba radhi. Goreth alikaa kwenye kigoda akigeuza samaki kwa vidole vitupu, akiwasema wanaoongeza moto. Moto mkubwa unapika, alisema, na hapa hatupiki.

Jua lilikuwa bado halijazama Josué aliporudi, suti yake imetundikwa begani ndani ya mfuko wa nailoni. Aliuona moshi tangu barabarani. Bora alimwendea kabla hajafika uani, mikono yake ikiwa na magamba, akamwambia kwamba friji ilikufa zamani, kwamba alimficha Gabriella, na kwamba beseni moja ya samaki imetupwa.

Josué alitazama pipa, akatazama watu. Uso wake ulikaza.

"Ungeniambia asubuhi, Mama Cadeau. Mi nilikuwa na gari."

Ilikuwa kweli. Goreth alivunja kipande cha samaki kilichokuwa tayari, akampa. Josué alikula akiwa amesimama. Akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba dada yake asiambiwe mpaka harusi ipite, asije akakosa raha bure.

Lakini Bora alikuwa amechoka kungoja. Alinawa mikono, akaenda nyuma ya nyumba ambako kelele zilikuwa kidogo, akapiga. Kanada ilikuwa asubuhi. Gabriella aliitika akidhani kuna swali la mchele.

"Gabriella, frigo ilikufa."

"Leo?"

"Hapana. Zamani, mbele ya Pasaka. Nilikuwa nakudanganya. Na leo samaki zingine za Josué zimeoza juu ya makosa yangu. Zingine tunazikausha na Mama Goreth."

Bora alisikia mlango ukifungwa kule, na mtu akivuta kiti.

"Ile ya samaki imeniuma," Gabriella alisema mwishowe. "Siwezi kukuficha. Ungeniambia, ningetafuta njia ingine."

"Najua."

"Lakini frigo, Bora, unafikiri nilikuwa naiuliza juu ya nini? Hapa tuko na frigo kubwa, tuliikuta mu nyumba. Nikikuuliza nani anaishi kwangu, nitalia. Nikikuuliza kwaya inaimba nini, nitalia. Frigo njo kintu kimoja nilikuwa naweza kuuliza bila kulia."

Basi Bora ndiye aliyelia, akiwa ameegemea ukuta wa nyumba, na Gabriella alimngoja. Alipotulia, Gabriella alimwuliza kama chumvi imetosha, na kama Goreth bado anagombeza watu, na Bora akamwinulia simu juu ili asikie mwenyewe.

Harusi ilifanyika. Chakula hakikutosha vizuri. Samaki waliwekewa wazee wa pande zote mbili kwanza, na waliokuja nyuma walikula nsima, ugali wa huko, na sombe ya majani ya muhogo, Bora na Goreth wakiwa miongoni mwao. Shangazi wa Gabriella alisema samaki wana chumvi mno, kisha akaomba wa pili. Baba yake Irangabiye, mzee aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, alimwuliza Josué ni nani aliyewakausha, na alipoonyeshwa Goreth walisalimiana kwa Kirundi kwa muda mrefu, wakitajiana vijiji vya kando ya ziwa. Habari ya friji ilikuwa imekwisha kuenea kambi nzima. Wawili watatu walimtania Bora. Hakuna aliyemtenga.

Baada ya hapo Bora alimpigia Épitace, naye akaja na matola kuichukua friji apate vyuma vyake na ule mpira. Ezechiel aliisindikiza mpaka barabarani. Ilimchukua muda kuzoea. Mara mbili tatu Bora alimkuta amesimama pale ilipokuwa, mkono umenyooka, halafu akajifanya anatafuta viatu. Cadeau alilalamika zaidi ya wote. Goreth aliendelea na juisi yake bila kuigandisha, akisema wanaopenda watainywa hivyo hivyo, na walikuwepo waliopenda.

Simu za Jumapili ziliendelea, lakini zilibadilika. Gabriella hakuwa tena na swali la kuanzia, kwa hiyo alianza na mambo yake. Alisema mume wake anafanya kazi usiku na yeye mchana, na mara nyingi wanaonana mlangoni tu, mmoja anavaa koti, mwingine analivua. Alisema watoto wameanza kujibizana kwa lugha ambayo yeye anaishika nusu. Alisema kuna mwanamke wa Bujumbura kwenye basi lake ambaye bado hajathubutu kumsalimia. Bora aliweka simu kwenye spika juu ya cherehani na kumsikiliza huku akishona, na safari moja alimwambia aache woga, kesho akipanda basi amsalimie mwanamke yule kwa Kirundi, hata kama ni neno moja. Gabriella alisema neno lenyewe amelisahau. Bora, aliyelizoea kwa Goreth, akamfundisha, akamrudisha palipokosewa, mpaka akalitamka sawasawa.